Kuchangia matibabu na utafiti wa saratani Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu, familia, kikundi cha kuchangiana au kampuni yenye nia ya kuchangia lakini haijajua ianzie wapi. Majibu yetu yana upande. Kwetu sisi, shilingi inayomwezesha mgonjwa kumaliza matibabu aliyokwisha kuanza ina uzito kuliko ile inayomwanzishia mwingine matibabu yatakayokatika njiani. Ukisoma huku ukilijua hilo, mengine yataeleweka.

Kwa nini watu wanachangia saratani?

Wengi wameuguza. Mtu aliyempeleka mama yake kliniki mwaka mzima hahitaji kushawishiwa na bango. Wengine wanatoa kwa imani: sadaka, zaka, fungu la kumi, nadhiri. Wapo waliopona wanaorudisha shukrani, na wapo wanaotoa kwa sababu Oktoba, mwezi wa uhamasishaji wa saratani ya titi, imefika, ofisi imegawa fulana za pinki na bosi yupo kwenye foleni ya kuchangia. Hata hao hela yao inanunua dawa kama ya mwingine yeyote.

Ila ipo sababu nyingine isiyosemwa sana. Dozi ya malaria ni siku tatu. Saratani inatibiwa kwa miezi, nyingine kwa miaka, na hakuna mshahara wa kawaida wala genge la nyanya linalobeba mzigo huo peke yake. Makadirio ya kimataifa ya 2020 yaliweka wagonjwa wapya Tanzania zaidi ya 40,000 kwa mwaka na vifo karibu 27,000. Kama robo ya wagonjwa hao walikuwa na saratani ya mlango wa kizazi, ugonjwa unaozuilika kwa chanjo na unaotibika ukikutwa mapema. Tatizo ni kwamba wengi wanafika hospitali wakiwa wamechelewa, na moja ya vinavyowachelewesha ni kukosa hela ya vipimo na nauli.

Hapa mjini tuna utaratibu wa kuchangia harusi: kamati, mhazini, ahadi, vikumbusho hadi unajificha simu. Msiba nao una rambirambi. Mgonjwa aliye hai, katikati ya hayo mawili, mara nyingi anaambulia "pole" na chungwa. Watu walioweza kupata hela ya ukumbi, vinywaji na MC ndani ya miezi mitatu hawashindwi kupata nauli ya mgonjwa.

Si serikali ndiyo inayogharamia saratani?

Kwa sehemu. Taasisi ya Saratani Ocean Road ni ya umma, na ilipewa hadhi ya taasisi kwa sheria ya 1996 ingawa jengo lake la zamani pale ufukweni ni la tangu enzi za Wajerumani. Ipo pia huduma ya saratani Muhimbili, KCMC Moshi na Bugando Mwanza. Asiye na uwezo anaweza kuombewa msamaha kupitia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Mwenye bima analipiwa kulingana na kifurushi chake.

Vinavyobaki nje ya msamaha na bima ndivyo vinavyokatisha matibabu: nauli, pa kulala, chakula cha mgonjwa na anayemuuguza, dawa inayokosekana dirishani ikabidi inunuliwe duka la nje, na kipimo ambacho mashine yake imeharibika wiki hiyo. Ukitaka mchango wako uguse pengo halisi, anzia hapo.

Mgonjwa wa mionzi anahitaji nini hasa?

Tuchukue mgonjwa wa mlango wa kizazi anayetoka mkoani. Akishuka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, bado ana safari ya kuvuka jiji hadi Ocean Road, Kivukoni. Mionzi ya nje hutolewa siku tano kwa wiki, Jumatatu hadi Ijumaa, mara nyingi vipindi 25. Kila kipindi ni dakika chache tu mezani, lakini siku nzima inaisha kwa foleni na safari. Katikati ya ratiba hiyo anaweza kupewa dawa ya sisplatini kwa drip mara moja kwa wiki. Kabla ya kila drip hupimwa figo na damu. Kisha inafuata mionzi ya ndani, ambapo chanzo cha mionzi huingizwa mwilini karibu na uvimbe.

Jambo ambalo wachangiaji wengi hawalijui ni kwamba saa inatembea. Mionzi ya nje na ya ndani kwa pamoja inatakiwa imalizike ndani ya siku 56, yaani wiki 8. Ikivuka hapo, uwezekano wa kuudhibiti ugonjwa unapungua kila siku inayoongezeka, kwa sababu seli za uvimbe zilizobaki zinapata nafasi ya kuzaliana upya. Mgonjwa aliyerudi kijijini wiki mbili kwa kuishiwa hela, akarudi na kuendelea alipoachia, hajapata matibabu yale yale aliyopangiwa. Hili halionekani kwenye risiti.

Piga hesabu ya anayeishi Dar. Akikaa Bunju au Gongo la Mboto na kupanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, vipindi 25 ni safari 100 za daladala, bila kuhesabu anayemsindikiza. Zidisha kwa nauli ya leo, halafu ongeza bajaji kwa zile wiki za mwisho ambapo kuharisha na uchovu vinamfanya ashindwe kusimama kwenye gari lililojaa. Hiyo ndiyo bajeti yako. Wa mikoani mtafutie chumba cha karibu kwa wiki 8 kamili, usimlipie wiki 5, maana mashine ikisimama siku mbili tatu ratiba yote inasogea.

Na wa kemo?

Ratiba nyingi za kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, ni kila baada ya siku 21. Kabla ya kila mzunguko hupimwa damu, na chembe nyeupe zikiwa chini, mzunguko unaahirishwa kama wiki moja. Hapo ndipo bajeti za familia hupasuka: walipanga kulala siku mbili, wanajikuta wanalala tisa. Weka akiba ya wiki mbili hadi tatu kwa matibabu yote.

Wa saratani ya titi yenye vipokezi vya homoni (inayokuzwa na homoni za mwili) ana jingine baada ya drip kwisha. Tamoksifeni ni kidonge kimoja cha miligramu 20 kila siku kwa angalau miaka 5, yaani vidonge zaidi ya 1,800. Ni dawa ya bei nafuu, na kwa sababu hiyo hakuna anayeichangia. Mgonjwa anaonekana amepona, nywele zimeota, kikundi kimevunjwa, naye anaanza kuruka miezi. Kama mnataka kazi ndogo yenye faida kubwa, mlipieni mtu tamoksifeni ya mwaka, lakini mpeni kwa miezi mitatu mitatu ili aendelee kuhudhuria kliniki.

Nimpe mgonjwa hela mkononi au nilipe hospitali?

Gawa mara mbili. Gharama za matibabu zilipwe hospitali, za maisha apewe mgonjwa au anayemuuguza.

Kwa hospitali ya umma, omba namba ya malipo ya serikali, ile tunayoiita kontro namba. Ina tarakimu 12 na huanza na 99. Mgonjwa au ndugu anaiomba dirisha la malipo kwa kutumia namba ya faili, anakutumia, nawe unalipa kwa simu, benki au wakala ukiwa popote. Kwa kuwa namba hiyo imefungwa na bili husika, hela haiwezi kugeuka kuwa ada ya shule ya mpwa. Zina muda wa mwisho, kwa hiyo usikae nayo wiki mbili ukisubiri mshahara.

Kwa hela ya maisha, tuma kidogo kidogo kila wiki. Laki tano kwa mpigo, kwenye familia yenye madeni, haimalizi wiki ya pili. Si ubaya wao. Mwenye nyumba akisikia hela imeingia naye anakuja.

Nimetumiwa picha ya mtoto mwenye uvimbe kwenye WhatsApp. Nitajuaje ni kweli?

Anza na namba ya kutumia hela. Jina linalotokea kabla hujabonyeza namba ya siri ni la nani? Ni la mzazi, la taasisi, au la mtu ambaye hakutajwa popote kwenye ujumbe? Kisha uliza vitu vitatu: hospitali na wodi, aina ya saratani iliyothibitishwa, na kontro namba ya bili. Mzazi aliyeko wodini anavyo vyote vitatu. Tapeli ana picha, ana machozi, na ana haraka: "lazima leo kabla ya saa kumi". Saratani ina dharura zake, lakini hospitali haikatai kumhudumia mtoto aliyezidiwa kwa sababu namba fulani ya simu haijapokea hela.

Usiisambaze picha hata kama ni ya kweli. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zaidi ya sheria, mtoto huyo akipona ataingia shule ya sekondari huku picha yake akiwa tumbo wazi ingali inazunguka kwenye makundi.

Kama anayeomba ni shirika, uliza limesajiliwa wapi. Asasi zisizo za kiserikali zina msajili wake na cheti chenye namba, na taasisi za udhamini zinasajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Omba pia hesabu za mwaka uliopita. Shirika linalochukia swali hilo limeshakujibu.

Kikundi chetu tunataka kuchanga. Tufanyeje tusigombane?

Tumieni utaratibu wa harusi mliouzoea, mkibadilisha mambo machache. Harusi ina tarehe moja, matibabu yana tarehe nyingi. Kwa hiyo ahadi zigawanywe kwa mizunguko: "elfu kumi kila tarehe 5 kwa miezi sita" inasaidia kuliko "laki moja nitaangalia". Makundi mengi yana joto mwezi wa kwanza, yanapoa wa pili, na kufikia mzunguko wa nne wa kemo anayetoa ni dada mkubwa peke yake.

Mhazini asiwe anayemuuguza mgonjwa. Huyo amechoka, halali, na akikosea elfu ishirini ataonekana mwizi wakati alinunua maji na pampas. Awepo mtu wa tatu wa kuzungumza na daktari, mmoja tu, kwa ridhaa ya mgonjwa. Ndugu sita wakimpigia daktari kila mmoja atarudi na habari yake.

Andikeni mapema kwenye kundi: hela ikibaki inaenda wapi? Na mgonjwa akifariki katikati? Wengine huamua salio liende kwenye mazishi, wengine kwa watoto wake, wengine kwa mgonjwa mwingine wodini. Yote ni sawa. Kosa ni kuanza kuamua siku ya msiba, mbele ya ndugu waliofika kwa basi la usiku.

Tumchangie aende India?

Kabla hamjafungua kundi, mwombeni daktari anayemtibu awajibu kwa maandishi: ni tiba gani atakayopata huko ambayo hapa haipo, na lengo ni kuponya au kupunguza makali? Zipo hali ambazo safari ina maana. Zipo nyingi zaidi ambapo mgonjwa anaenda kupewa dawa zile zile zilizopo Dar, kisha anarudi na mzunguko wa kwanza tu, hela imekwisha, na mizunguko mitano iliyobaki haina mwenyewe. Bajeti ya safari ambayo haina fungu la matibabu ya kuendelea nayo nyumbani bado haijakamilika.

Swali hilo hilo liulizeni kwa anayesema mumchangie akanywe mitishamba. Wiki nane za kujaribu ni muda wa kutosha kwa uvimbe uliokuwa unaondoleka kwa upasuaji kuenea sehemu nyingine za mwili.

Kwa nini mnasisitiza kuchangia vipimo? Si bora dawa?

Kwa sababu bila jibu la maabara hakuna dawa sahihi ya kununua. Kipimo cha kinyama, yaani kipande kidogo kinachokatwa kwenye uvimbe, ndicho kinachosema ni saratani au si saratani, na ya aina gani. Kwa titi, inabidi kinyama hicho hicho kipimwe tena kujua kama kina vipokezi vya homoni na protini ya HER2. Asiyepimwa anatibiwa kwa kubahatisha: anakosa tamoksifeni iliyomfaa, au anameza miaka mitano bila faida.

Kinachoharibika hapa ni kitu kidogo sana. Kinyama kikitolewa kinatakiwa kiingie mara moja kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi sampuli) ya asilimia 10, kiasi kama mara kumi ya ujazo wa kinyama chenyewe, ndani ya kopo lenye mdomo mpana. Kikiwekwa kwenye maji ya drip, au formalini ikiwa kijiko kimoja kwa kipande kikubwa, kinaoza ndani huku nje kikionekana kizima. Kopo la mdomo mwembamba nalo lina shida yake: kipande kinaingia kikiwa laini, kikishakaza hakitoki bila kukatwakatwa. Maabara inajibu "sampuli haifai", mgonjwa anarudi kuchomwa upya, na mwezi umepotea. Kikundi kikinunulia kituo cha afya makopo yanayofaa, formalini na lebo, na kulipia gari la kufikisha sampuli maabara, kimefanya kazi kubwa ambayo haitapigwa picha.

Nina dawa za kemo zilizobaki za marehemu. Naweza kuzitoa?

Hapana, haziwezi kupewa mgonjwa mwingine. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inakataza dawa zilizokwisha kutolewa kwa mgonjwa kurudi kwenye matumizi, kwa sababu hakuna anayejua zilihifadhiwaje. Vinkristini, moja ya dawa za kemo, kwa mfano, inatakiwa kukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Ikishinda kwenye mkoba juani Kariakoo, chupa haibadiliki sura. Zirudishe famasi ya hospitali ziteketezwe kwa utaratibu, usizitupe chooni.

Dawa zinazotoka nje ya nchi zinatakiwa ziwe zinatambuliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na kwa kawaida ziwe zimebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda. Aliye ughaibuni ni afadhali atume hela kuliko begi la dawa.

Na mashine? Kuna hospitali Ulaya inatoa mashine ya mionzi bure.

Mashine ya bure ina gharama zake. Kuna kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki, jengo lenye kuta nene za zege, gharama za bandarini zinazokua kila siku kontena likikaa, fundi aliyesomea, na vipuri ambavyo kiwanda kinaweza kuwa kimeacha kuvitengeneza. Mashine za kisasa za mionzi zinataka umeme usioyumba, maji ya kupoozea na kiyoyozi kisichozimika. Vifaa vya Marekani vinakuja na umeme wa volti 120, hapa tuna 230.

Zile za kobalti, zinazotumia madini yanayotoa mionzi yenyewe, ni ngumu zaidi kuharibika, lakini chanzo chake kinachoka chenyewe. Kobalti-60 inapungua nguvu hadi nusu kila baada ya miaka 5.27, yaani kama asilimia 1 kwa mwezi. Mgonjwa aliyekuwa analala mezani dakika mbili, baada ya miaka mitano analala nne kwa dozi ile ile, na waliokuwa wanatibiwa kwa siku wanapungua huku foleni ikiongezeka. Kwa hiyo kampuni ikituuliza inunue nini, jibu letu huwa linawakatisha tamaa kidogo: mkataba wa matengenezo wa miaka mitatu kwa mashine iliyopo. Hauna utepe wa kukata, tunajua.

Sina hela. Naweza kuchangia damu?

Damu inahitajika kila siku. Kemo inakandamiza uboho, na siku ya 7 hadi ya 14 baada ya dawa ndipo damu hushuka zaidi. Mgonjwa wa mlango wa kizazi anayevuja naye hawezi kuanza mionzi akiwa na damu kidogo, kwani mionzi hufanya kazi vizuri zaidi kwenye uvimbe unaopata oksijeni ya kutosha.

Masharti: umri miaka 18 hadi 65, uzito kuanzia kilo 50, wingi wa damu (hemoglobini) kuanzia gramu 12.5 kwa desilita, na usiwe mgonjwa siku hiyo. Mwanaume anaweza kutoa kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4. Kula kwanza, kunywa maji, nenda Kituo cha Damu Salama Mchikichini, Ilala, au kitengo cha damu cha hospitali kubwa iliyo karibu nawe. Inachukuliwa kama mililita 450, na kukaa kitini ni dakika kumi hivi.

Watoto wenye saratani ya damu wanahitaji zaidi chembe sahani, zinazozuia kuvuja. Hizo zinaishi siku 5 tu, kwenye joto la kawaida la chumba, zikitikiswa muda wote. Ndiyo maana wimbi la watu 300 siku ya maadhimisho haliwasaidii wiki inayofuata. Ofisi yenye watu 60 ijigawe makundi ya watu watano, kila wiki kundi moja. Baada ya wiki 12 mzunguko unaanza upya. Wanawake wasubiri mwezi mmoja zaidi.

Damu hiyo haiuzwi. Anayekuomba hela ili mgonjwa wako apate damu, mripoti kwa uongozi wa hospitali.

Tunataka kutembelea wodi ya watoto na zawadi.

Karibuni, ila mpigieni muuguzi kiongozi kwanza. Watoto walio kwenye kemo wana kinga ndogo. Msipeleke kachumbari, matunda yaliyokwisha kumenywa, maziwa mabichi wala pilau lililopikwa alfajiri likafika saa nane mchana. Mwenye mafua abaki nyumbani, asidanganyike na barakoa. Vinavyohitajika karibu kila wodi ni sabuni ya unga na ya kipande, mafuta ya kupaka, pampas za saizi kubwa, pedi za kina mama, miswaki laini, kandambili, na vocha za simu. Vocha huwashangaza wageni. Mama aliyekaa wodini miezi minne ana watoto wengine nyumbani Tabora.

Muda wenyewe ni mrefu. Limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto inayovimbisha taya, inatibiwa kwa miezi, saratani ya damu ya watoto ile ya kawaida zaidi kwa miaka 2 hadi 3. Pipi za siku moja ni nzuri. Nauli ya kurudi kliniki mwezi wa nane inaokoa.

Kwa nini nichangie utafiti wakati kuna mgonjwa mbele yangu?

Swali la haki, na kama una elfu kumi moja mpe mgonjwa. Lakini karibu kila tiba anayopewa mgonjwa huyo ilianza na mtu aliyechangia kitu ambacho hakikumsaidia mwenyewe. Mwaka 1947 daktari Sidney Farber wa Boston alianza kuwapa dawa watoto wenye saratani ya damu wakati ugonjwa huo ulikuwa hukumu ya wiki au miezi. Mwaka uliofuata mfuko wa hisani ukaanza kukusanya michango midogo ya watu kuendeleza kazi hiyo. Leo kwenye nchi tajiri watoto wapatao 9 kati ya 10 wenye aina iliyo ya kawaida zaidi wanapona.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa mstari wa mbele. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto. Mwaka 1961 alizunguka na gari lililotumika kama maili 10,000, akipita hospitali baada ya hospitali kuchora ramani ya ugonjwa, kwa ruzuku ndogo tu. Sampuli za wagonjwa hao zikapelekwa London, na mwaka 1964 zikawezesha kugunduliwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Mfano wa karibu zaidi uko Mwanza. Wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walishiriki utafiti uliolinganisha dozi moja, mbili na tatu za chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Matokeo yao yalikuwa sehemu ya ushahidi kwamba dozi moja inatosha, na mwaka 2024 Tanzania, iliyokuwa ikichanja kitaifa tangu 2018, ikahamia dozi moja. Fedha iliyokuwa inachanja msichana mmoja sasa inachanja wawili, na muuguzi harudi shuleni kumtafuta aliyehama.

Utafiti gani wa hapa nchini unahitaji mchango?

Saratani ya koo la chakula. Inaonekana kwa wingi kwenye ukanda wa mashariki mwa Afrika kuanzia Ethiopia hadi Malawi, na haijulikani vizuri kwa nini. Mwaka 2016 wataalamu wa kimataifa waliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzijoto 65 kwenye orodha ya vinavyoelekea kusababisha saratani, na chai inayonywewa ikitoka jikoni inafika hapo bila shida. Kuna pia kichocho na saratani ya kibofu. Na kuna kazi ambayo haina mvuto kabisa: rejista ya saratani, yaani makarani wanaofuatilia nani aliugua, wapi, na kama yu hai. Bila hiyo hata hatujui kama tunashinda.

Kabla ya kutoa, uliza namba ya kibali cha maadili, kutoka NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) au kamati ya chuo husika. Utafiti wa dawa mpya unahitaji na kibali cha TMDA.

Nimeombwa kutoa sampuli yangu kwa utafiti. Nikikataa nitanyimwa tiba?

Hapana. Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili, ubaki na nakala, na uwe huru kujitoa wakati wowote. Uliza sampuli itakaa miaka mingapi na kama itasafirishwa nje.

Kampuni yetu inapata nafuu ya kodi?

Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, kifungu cha 16, inaruhusu mchango kwa taasisi ya hisani inayotambuliwa kupunguzwa kwenye mapato ya biashara, usizidi asilimia 2 ya mapato hayo. Kusajiliwa kama shirika peke yake hakutoshi: taasisi inayopokea lazima iwe imetambuliwa na TRA kuwa ya hisani, kwa hiyo omba nakala ya barua hiyo kabla ya kulipa. Lipa kwa benki, pata stakabadhi yenye jina kamili la kampuni na TIN, na kama mchango ni vifaa ambatisha ankara na hati ya makabidhiano iliyosainiwa na pande mbili. Hundi kubwa ya ubao mliyopigia picha mhasibu hawezi kuiweka kwenye faili.